Nyumba ya Kwihara na Majina Yasiyoandikwa



Ukitoka Tabora mjini kuelekea kusini-magharibi, mwendo wa kilomita sita hivi, utafika Kwihara. Ni mahali pa wakulima. Kuna mashamba, kuna miembe, kuna njia za vumbi. Na kuna nyumba moja ya udongo ambayo watu wa nchi za mbali hufunga safari kwenda kuiona.

Nyumba hiyo inaitwa Tembe la Livingstone. Siku hizi ni makumbusho. Ndani yake zimewekwa nakala za barua, ramani na picha za zamani. Milango yake ni ya mbao zilizochongwa. Kuta zake ni udongo, kama kuta za nyumba nyingi za vijijini kwetu.

Leo nataka tuzungumze juu ya nyumba hiyo. Nina mambo mawili ya kukuambia. La kwanza, nyumba ya udongo si kitu cha kudharau. La pili, jina lisiloandikwa hupotea, hata kama mwenye jina alifanya kazi kubwa kuliko wote. Wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Kwa hiyo jambo hili la pili linakuhusu wewe hasa.

Tembe ni nini?

Wasomaji wa Dodoma, Singida, Iringa na Manyara wanalijua tembe vizuri. Wagogo, Wanyaturu, Wahehe, Wasandawe na Wairaqw wote walijenga matembe, kila watu kwa namna yao. Katika Unyamwezi nyumba ya zamani ilikuwa msonge, yaani nyumba ya mviringo yenye paa la nyasi. Tembe lilienea huko katika karne ya 19, wakati wa vita na misafara ya biashara.

Tembe lina paa bapa. Hujengwa kwa nguzo za miti migumu. Juu ya nguzo hulazwa boriti, juu ya boriti hupangwa fito, kisha nyasi au maganda ya miti, na mwisho udongo ulioshindiliwa vizuri. Kuta zake ni nene. Vyumba hupangwa kwa mstari, na mara nyingi huzunguka ua. Ng'ombe, mbuzi na watu walilala ndani ya boma moja.

Watu wa zamani hawakujenga hivyo kwa sababu ya ujinga. Walikuwa na sababu zao. Ukuta mnene wa udongo hupokea joto polepole, kwa hiyo mchana nyumba ni baridi na usiku haipoi haraka. Paa la udongo halishiki moto kwa urahisi kama paa la nyasi. Na ukuta mnene ulizuia mishale na risasi. Mwezi Agosti mwaka 1871 kulikuwa na vita kati ya Mtemi Mirambo wa Urambo na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora. Sehemu ya Tabora ilichomwa moto. Waliokuwa katika tembe la Kwihara walitoboa matundu ya bunduki katika kuta, wakangoja kushambuliwa. Udongo ule ulikuwa ndiyo ngao yao.

Vifaa vyote vya kujengea vilipatikana hapohapo. Miti ilitoka porini, udongo ulitoka kando ya nyumba, na nguvu zilitoka kwa jirani. Hii ilikuwa elimu. Haikuandikwa katika vitabu, lakini ilikuwa elimu.

Nani walikaa katika nyumba ya Kwihara?

Zamani hizo Tabora ilikuwa kituo kikubwa cha misafara. Njia ilitoka Bagamoyo pwani, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Unyanyembe penye Tabora, kisha ikaendelea hadi Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika. Kwihara ilikuwa katika nchi ya Unyanyembe. Mtemi wa Unyanyembe wakati huo alikuwa Mkasiwa. Wafanyabiashara Waarabu walikuwa na nyumba zao hapo, na wageni walipewa nyumba za kukaa.

Mwaka 1871 alifika Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald la Marekani. Alikuwa akimtafuta Daktari David Livingstone, mmisionari na msafiri kutoka Skotlandi, ambaye habari zake zilikuwa hazisikiki Ulaya. Stanley alipewa nyumba Kwihara. Aliondoka mwezi Septemba, akamkuta Livingstone Ujiji mwezi Novemba mwaka huohuo.

Wawili hao walirudi pamoja hadi Kwihara, wakafika tarehe 18 Februari 1872. Stanley aliondoka kwenda pwani tarehe 14 Machi. Livingstone alibaki katika tembe akingoja watu na vifaa. Alikaa akiandika barua na kuweka sawa habari za safari zake. Mwezi Agosti walifika wanaume zaidi ya 50 ambao Stanley aliwapeleka kutoka Unguja. Tarehe 25 Agosti 1872 Livingstone aliondoka nao kuelekea kusini, na hakurudi tena akiwa hai. Alifariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, ambacho leo kimo katika nchi ya Zambia.

Hesabu mwenyewe, ndugu msomaji. Livingstone alikaa katika nyumba ya Kwihara tangu Februari mpaka Agosti. Ni miezi sita tu. Wazee wetu husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu hakupewa jembe. Alipewa nyumba, na nyumba ikachukua jina lake mpaka leo.

Simlaumu Livingstone kwa jambo hilo. Aliandika kwa nguvu dhidi ya biashara ya watumwa, na maandishi yake yalisaidia watu wa Ulaya kujua ubaya wa biashara hiyo. Anastahili kukumbukwa. Lakini nauliza: nani walikata miti ya nyumba ile? Nani walikanyaga udongo? Nani walichota maji? Nani walipika chakula cha wageni kwa miezi sita? Majina yao hayasomwi na mgeni anayeingia mlangoni.

Katika msafara wa Stanley walikuwamo wazungu wengine wawili. Mmoja wao, John William Shaw, aliugua akafa, akazikwa Kwihara. Habari za kifo chake zimeandikwa katika vitabu. Lakini wapagazi wangapi walikufa katika njia ile? Mpagazi Mnyamwezi alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kama kilo 30, kwa miezi mitatu au zaidi, kutoka pwani mpaka Unyanyembe. Pembe za ndovu, nguo, shanga na waya vyote vilipita juu ya mabega yao. Wengi walizikwa kando ya njia, na makaburi yao hayana alama.

Kwa nini jina moja limebaki na mengine yamepotea? Si kwa sababu mmoja alikuwa mtu na wengine hawakuwa watu. Sababu ni kalamu. Aliyeandika alijiandika mwenyewe na rafiki zake. Na baadaye, nchi ilipotawaliwa na Wajerumani kisha Waingereza, watawala nao walichagua nani akumbukwe.

Jacob Wainwright na kisu chake

Sasa nikusimulie habari za mtu mmoja aliyejua kuandika.

Katika wale wanaume waliofika Kwihara mwezi Agosti 1872 alikuwamo kijana mmoja, jina lake Jacob Wainwright. Alikuwa Myao. Alipokuwa mtoto alichukuliwa utumwani, kisha akaokolewa, akapelekwa India. Huko alisoma katika shule ya wamisionari mahali panapoitwa Nasik. Alijua kusoma na kuandika.

Livingstone alipofariki, watu wake walikata shauri kubwa. Walikausha mwili wake kwa chumvi na jua, wakaufunga vizuri, wakaamua kuubeba mpaka pwani. Viongozi wao walikuwa Susi na Chuma. Safari hiyo ilikuwa zaidi ya kilomita 1,500 kwa miguu. Walikuwamo wanaume na wanawake. Mmoja wa wanawake hao alikuwa Halima, mpishi wa Livingstone.

Kabla ya kuondoka Chitambo, Jacob alichukua kisu akachonga maandishi katika mti mkubwa. Alichonga jina la Livingstone na tarehe. Lakini hakuishia hapo. Alichonga pia majina ya baadhi ya Waafrika waliokuwa wakuu wa msafara. Kipande cha mti ule kilikatwa baadaye kikapelekwa London, na kipo mpaka leo. Jacob aliandika pia habari za safari katika daftari lake.

Mwezi Oktoba 1873 walifika tena Kwihara. Huko walimkuta Luteni Cameron na wenzake, Waingereza waliotumwa kumsaidia Livingstone. Cameron aliwashauri wamzike Livingstone hapohapo Unyanyembe. Susi na Chuma walikataa. Walisema lazima afike kwao. Wakabeba mwili tena, wakafika Bagamoyo mwezi Februari 1874. Livingstone alizikwa London tarehe 18 Aprili 1874, na Jacob alikuwapo mazikoni. Susi na Chuma walifika Uingereza baadaye. Huko walisimulia habari za safari ya mwisho, na masimulizi yao yakaingizwa katika kitabu.

Fikiri, ndugu msomaji. Watu hawa walikataa shauri la Luteni wa Kiingereza. Uamuzi ulikuwa wao, na kazi ilikuwa yao. Tunajua hayo kwa sababu mmoja aliandika na wengine wakasimulia kwa mtu aliyeandika. Kama Jacob asingejua kuandika, labda tungesema tu kwamba "watumishi" walibeba mwili. Neno "watumishi" halina uso wala jina.

Methali yetu inasema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza kwamba hata watu bila daftari hupotea bila habari.

Je, tutunze nyumba ya enzi ya utumwa?

Wako watu wanaouliza: "Nyumba za namna hii zilikuwa za wafanyabiashara wa pembe na watumwa. Kwa nini tuzitunze? Afadhali zianguke." Swali hili si la kipuuzi. Ni swali la watu wanaoumia kwa ajili ya wazee wao.

Ni kweli kwamba Tabora ilikuwa kituo cha pembe na watumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 tu, yaani mwaka uleule Livingstone alipofariki. Watu waliofungwa minyororo walipita katika njia ya Unyanyembe. Ukweli huo ni mchungu.

Lakini maoni yangu ni haya. Ukibomoa nyumba, hukuondoa uchungu. Umeondoa shahidi. Mtoto atakayezaliwa miaka 50 ijayo ataambiwa kwamba hayo ni hadithi tu. Nyumba ikisimama, mwalimu atampeleka mtoto mpaka mlangoni amwambie: "Hapa walipita." Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hiyo ya kati ya biashara ya watumwa na pembe katika orodha ya awali ya UNESCO ya mahali pa urithi wa dunia. Kwihara ni kituo kimojawapo katika orodha hiyo. Bagamoyo, Mpwapwa na Ujiji pia vimo.

Kwa hiyo tutunze nyumba, lakini tusimulie habari zote. Tusimtaje mgeni peke yake tukamwacha mpagazi. Tusitaje biashara peke yake tukauacha mnyororo.

Nyumba ya udongo huishi kwa mikono

Kuna jambo jingine ambalo nyumba ya Kwihara inatufundisha. Nyumba ya udongo haiwezi kudumu miaka 150 peke yake. Nyumba hii imejengwa upya na kukarabatiwa baadaye kwa mfano wa ile ya zamani, na bado inataka kutunzwa kila mwaka.

Nyumba ya udongo ina adui wawili. Adui wa kwanza ni maji. Katika Tabora mvua huanza Novemba hivi na kuendelea mpaka Aprili. Maji yakipenya paa, boriti huoza. Yakisimama kando ya msingi, ukuta hulowa chini, hulainika, mwishowe huanguka. Adui wa pili ni mchwa. Mchwa hupanda ndani ya ukuta bila kuonekana, hula nguzo na fito. Siku moja unagusa boriti, unakuta ni maganda matupu.

Dawa ya maadui hao si fedha nyingi. Dawa ni kuangalia mapema. Wakati wa kiangazi, kabla ya mvua, mwenye nyumba huziba nyufa na kukandika upya mahali palipobanduka. Hutazama paa na kuongeza udongo penye bonde. Huchimba mfereji ili maji yaende mbali na msingi. Huvunja njia za mchwa. Katika sehemu nyingi kazi ya kukandika na kusiriba hufanywa na akina mama, na wao ndio wanaojua udongo upi unashika na upi unapasuka.

Watu wengine huona afadhali kupiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa udongo. Nyumba hupendeza mwanzoni. Lakini saruji ni ngumu na udongo ni laini, kwa hiyo baada ya muda lipu hupasuka. Maji huingia katika ufa, nayo hayapati njia ya kutoka. Ukuta huoza nyuma ya lipu huku nje unaonekana mzima. Kwa nyumba ya zamani ya udongo, kiraka kizuri ni udongo kama ule wa kwanza.

Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Nafikiri aliyesema maneno hayo alikuwa anaishi katika nyumba ya udongo.

Vipi kuhusu nyumba zetu?

Usidhani nasema kwamba watu warudi katika matembe na kuacha mabati. La, sivyo. Nyumba ya bati haivuji kama tembe lililochoka. Maji ya mvua yanaweza kukingwa kutoka batini. Ng'ombe wakiwa na zizi lao mbali, afya ya watoto ni bora. Madirisha huleta mwanga, na mwanga ni rafiki wa mtu anayesoma. Mwananchi aliyeuza mazao yake akanunua bati amefanya jambo jema. Mtu yeyote asimcheke.

Ninachokataa ni dharau. Nimesikia watu katika madarasa ya kisomo wakisema, "Sisi zamani tulikuwa hatujui kitu, tulikaa katika udongo." Maneno hayo si kweli. Mtu aliyejua mti upi hauliwi na mchwa alikuwa anajua kitu. Mtu aliyejenga paa bapa lenye mwinamo mdogo wa kuondoa maji alikuwa anajua kitu. Wazee hao wakifa, elimu yao inakufa pamoja nao. Hatuwezi kuichimbua kaburini.

Na matembe yanapungua. Mwaka 1970 na 1971 wananchi wengi wa Dodoma walihamia katika vijiji vya ujamaa. Kati ya mwaka 1973 na 1976 watu wa mikoa mingi walihama vilevile. Matembe mengi yaliachwa nyuma, yakaanguka. Waliobaki na matembe wamejenga nyumba za bati moja baada ya nyingine. Leo kuna vijana wa miaka ishirini ambao hawajawahi kulala ndani ya tembe, ingawa babu zao walizaliwa humo.

Maoni yangu ni kwamba kila kijiji kichague nyumba moja ya zamani kiitunze. Si lazima iwe ya mtu maarufu. Si lazima awe amelala humo Mzungu. Inaweza kuwa tembe la mwisho lililobaki kijijini. Inaweza kuwa msonge, au nyumba ambamo darasa la kwanza la kisomo lilifanyika, au nyumba iliyojengwa wakati wa Waingereza kwa nguvu za wananchi. Mwenye nyumba akubali kwa hiari yake, na kijiji kimsaidie kukandika kila kiangazi. Siku moja au mbili za kazi ya pamoja kwa mwaka zinaweza kuilinda nyumba kwa miaka mingi.

Tukumbuke pia kwamba iko Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Sheria hiyo inalinda majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Inalinda pia milango ya mbao iliyochongwa kabla ya mwaka 1940. Mtu akija na gari akitaka kununua mlango wa zamani ili aupeleke nje ya nchi, msimkubalie haraka. Mwulizeni kibali chake, na mpeni habari mtendaji wa kijiji. Mlango ukiondoka haurudi, na fedha zake huisha kabla ya mvua.

Daftari la nyumba

Sasa nafika kwako, ndugu mwanakisomo. Labda unasema, "Mimi nimejifunza kusoma juzi tu. Nitaandika historia kwa namna gani?" Jacob Wainwright hakuandika kitabu kinene katika ule mti. Alichonga maneno machache: jina, tarehe, na majina mengine. Maneno hayo machache yametosha kwa miaka zaidi ya 150.

Nunua daftari moja. Andika juu yake: DAFTARI LA NYUMBA ZA KIJIJI CHETU. Kisha, kwa kila nyumba ya zamani, andika ukurasa mmoja hivi:

Nyumba ya nani.
Ilijengwa mwaka gani.
Waliojenga ni nani, wanaume na wanawake.
Miti iliyotumika ni ipi, na ilikatwa wapi.
Udongo ulichimbwa wapi.
Mambo gani yalitokea katika nyumba hiyo.
Nani amesimulia habari hizi.
Nani ameziandika, na tarehe.

Mzee akisema hakumbuki mwaka, msimharakishe. Mwulizeni kwa matukio. Je, nyumba ilijengwa kabla ya Uhuru wa mwaka 1961 au baada yake? Je, ilikuwapo wakati wa Azimio la Arusha mwaka 1967? Je, ilikuwapo wakati wa Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979? Kwa njia hiyo mwaka utapatikana karibu na ukweli. Kama wazee wawili wanatofautiana, andika maneno ya wote wawili. Usichague wewe.

Andika majina kamili. Usiandike "mke wake" au "watoto wake" au "vibarua". Andika jina. Mama aliyekandika ukuta kwa miaka thelathini ana haki ya jina lake kama fundi aliyesimamisha nguzo. Hapo ndipo nyumba ya Kwihara ilipopungukiwa. Sisi tusirudie upungufu huo.

Tumia kalamu ya wino. Fanya nakala mbili. Moja ikae shuleni au katika ofisi ya kijiji, na moja ikae kwa mtu mwaminifu. Ziwekeni katika bati au debe lenye kifuniko, kwa sababu mchwa hula karatasi kama wanavyokula fito.

Fanyeni kazi hiyo mwaka huu, msingoje mwakani. Ukuta ukianguka, mnaweza kuujenga tena kama ulivyojengwa tena ule wa Kwihara. Miti ipo na udongo upo. Lakini mzee akiondoka na majina kichwani mwake, hakuna fundi wa kuyarudisha. Kalamu unayo mkononi. Nenda kamwulize mzee wako leo jioni.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Livingstone alikaa Kwihara kwa miezi mingapi? Je, ni haki nyumba kuitwa kwa jina lake? Toa sababu.
2. Kwa nini tunamjua Jacob Wainwright kuliko wapagazi wengine wengi?
3. Adui wawili wa nyumba ya udongo ni nini? Katika kijiji chenu watu huwazuia kwa njia gani?
4. Nyumba ipi ya zamani katika kijiji chenu ingefaa kutunzwa? Nani aliijenga?
5. Taja wazee watatu ambao mnaweza kuwauliza habari za zamani. Nani katika darasa lenu atakwenda kwa kila mmoja, na siku gani?